Kabati la Truda Kopiec

Truda Kopiec alikuwa mwanamke safi kupita kiasi, na usafi huo ndio uliotumaliza. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno, kwa sababu nilikaa ghorofa ya juu yake tangu nilipoanza kazi mgodini, na mpaka leo nikimkumbuka roho inanichafuka na machozi yananilengalenga kwa wakati mmoja. Mimi naitwa Alojz. Nilichimba makaa ya mawe mpaka mgodi ukafungwa, nikabaki na njiwa wangu, kifua kibovu na mdomo usio na breki.

Nyumba yetu ilikuwa moja ya zile ndefu za matofali ambazo mgodi uliwajengea wachimbaji, madirisha yake yamepakwa rangi nyekundu kama ilivyo kwetu Silesia, mkoa wa makaa ya mawe. Truda alizaliwa chumba cha chini, akaolewa akiwa humo humo, na mumewe Ernst alitolewa humo kwa jeneza. Wakati mgodi unafanya kazi masizi yalidondoka kutwa nzima, na wanawake walipigana nayo kama vita. Walifua mapazia kila wiki, wakayatia wanga, wakayatundika meupe pe. Jumamosi walipiga magoti wakasugua ngazi. Mwanamke mwenye mapazia ya kijivu alisengenywa mpaka mama yake kaburini akasengenywa naye. Mgodi ulipofungwa masizi yaliisha, lakini Truda hakuacha kufua. Alifua, akatundika, kisha akaweka mto wake kwenye kizingiti cha dirisha, akaegemeza viwiko, akaanza kulinda ua. Hakupita paka bila yeye kujua anatoka kwa nani.

Lakini nyuma ya kabati lake kulikuwa na kitu. Sisi wachimbaji tulikula ardhi chini ya vitanda vyetu wenyewe, na nyumba ikatitia upande mmoja. Ukuta wa Truda ulipasuka, maji yakapata njia, na kuvu ikafuata. Niliiona mara moja tu, siku rozari yake ilipoangukia nyuma ya kabati akaniita nimsaidie kulivuta. Ilikuwa nyeusi, yenye manyoya, inang'aa kwa umajimaji, imepanda kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Nilipovuta pumzi nilihisi kama nimelamba kitu kilichokufa.

"Truda! Hii ni nini?"

"Kivuli," alisema. "Rozari umeiona au hujaiona?"

"Kivuli chenye manyoya?"

"Alojz, rudisha kabati."

Nikalirudisha. Kikohozi chake nilikuwa nakisikia kupitia sakafu kila nilipokaa kula supu, na nilikuwa nikisukuma bakuli pembeni. Mtu hawezi kula huku akijua kilichoko chini ya miguu yake.

Ndipo wakaja watu wa mtandao wa miji. Mji wetu ulikuwa umeungana na miji mingine ya Ulaya, sijui Ubelgiji, sijui Ureno, sijui Ufini, ili ifundishane namna ya kufufua mitaa iliyochoka. Manispaa ilimtuma Malwina, msichana mwenye roho nzuri na viatu vya kitambaa, akatukusanya kwenye ukumbi wa kanisa. Akatugawia vikaratasi vya rangi vya kubandika ukutani, tuandike ndoto zetu. Watu wazima, wengine wamezika watoto, wameshikishwa vikaratasi vya waridi! Hubert, jirani yangu wa upande wa kulia, aliandika "bia" akakibandika katikati kabisa. Malwina akakisoma kwa sauti akasema asante kwa mchango wako. Nikaanza kutafuta kofia yangu niondoke.

Sikuondoka, kwa sababu baada ya vikaratasi alisema jambo la maana. Kulikuwa na fedha za kutengeneza mtaa mmoja: kukaza msingi, kukausha kuta, kuweka mfumo safi wa kupasha joto badala ya majiko ya makaa, na wakazi wakiwa wamo ndani, bila kuhamishwa. Mitaa iliyofikiriwa ilikuwa miwili, wetu na ule wa ng'ambo ya reli. Wageni kutoka miji wenza wangekuja kutembelea yote miwili, kisha wao ndio wangesema ni upi.

"Si mna ripoti za wahandisi?" niliuliza. "Someni, mchague."

"Ripoti zipo, mzee Alojz. Ila fedha hizi ni za wakazi wanaosema wenyewe wanahitaji nini. Wageni hawatachagua kwa karatasi. Watawasikiliza ninyi."

"Na tusipochaguliwa?" Aliyeuliza alikuwa Truda, ameketi mstari wa mbele, mkoba magotini.

Malwina akatazama viatu vyake. "Nyumba itafungwa, Bibi Truda. Ni ya hatari. Mtapewa vyumba kwenye maghorofa ya zege, upande wa pili wa mji."

"Mimi nitatokea mlango aliotokea Ernst," Truda akasema, "na nitatoka nimelala. Si vinginevyo."

"Basi tusaidie. Wageni wataingia kwako. Usiandae chochote, tafadhali. Waonyeshe tu hali ilivyo."

Usiandae chochote! Kumwambia mwanamke wa kwetu asiandae chochote kwa ajili ya mgeni ni sawa na kumwambia asivute pumzi. Nilimwona Truda akiitikia kwa kichwa, kwa adabu, na nikajua kwamba neno lile halikuingia hata sikio moja.

Tangu kesho yake ua mzima uliingiwa na wazimu. Ngazi zilisuguliwa mpaka zikawa na utelezi. Fremu zilipakwa rangi nyekundu upya. Hubert, ambaye tangu mkewe afariki hajawahi kuosha hata kikombe, alionekana akifagia mbele ya mlango wake kwa ufagio wa kuazima. Mimi niliambiwa niwafungie njiwa wangu wasije wakaangusha kitu juu ya Mbelgiji. Nilishuka kwa Truda nikamkuta amesimama juu ya kigoda anapaka kabati mafuta ya kung'arisha. Chumba kilinuka nta, siki na wanga, na chini ya harufu hizo zote ile nyingine ilikuwepo, imejificha kama mwizi chini ya kitanda.

"Truda, kesho hilo kabati litavutwa, ama sivyo?"

"Livutwe kwenda wapi?"

"Wageni waone ukuta."

Akanigeukia na kitambaa mkononi. "Wewe mgeni akija kwako unampeleka chooni kwanza?"

"Kama ndiye anayekuja kutengeneza choo, ndiyo!"

"Ndiyo maana hukuoa," alisema, akaendelea kung'arisha.

Wageni walikuja kabla ya chakula cha mchana, wamebeba mikoba ya kitambaa ya namna moja kama mahujaji. Sitawahesabu wote. Mwenye maana ni mmoja, Mreno mwenye mvi aitwaye Abílio, mfupi, mwenye mikono ya fundi. Walimkuta Truda mlangoni na aproni iliyopigwa pasi. Meza ilikuwa imejaa kołocz, ile keki yetu ya jibini na mbegu nyeusi ambayo kwa kawaida tunaipika kukiwa na harusi. Kahawa ilimiminwa kwenye vikombe vya sherehe. Mapazia yalikuwa meupe hata macho yaliuma. Mwanamke wa Kibelgiji alishika mashavu yake akasema kitu kirefu, na Malwina akatafsiri kwamba mama huyu anasema hapa pana roho ya jumuiya. Roho ya jumuiya! Ilikuwa sentimita chache nyuma ya kiti chake, yenye manyoya, inapumua.

Abílio hakusema kitu. Nilimwona akinusa. Alikwenda taratibu mpaka kwenye kabati, akaweka kiganja chake juu ya mbao, akakaa hivyo.

"Mzee Abílio anauliza," alisema Malwina, "kama nyumba ina unyevu."

Truda aliweka birika chini. "Unyevu? Kwangu?"

"Ni swali tu, Bibi."

"Mwambie atazame mapazia. Mwenye unyevu ana mapazia kama yale?"

Malwina akamsogelea, sauti chini. "Bibi Truda, si uliniambia mwenyewe kifua kinakubana? Ukaniambia na ukuta..."

"Ukuta upi? Kuta zangu zimesimama tangu enzi za Kaisari wa Wajerumani. Kula, mwanangu, umekonda kama ufagio. Hao manispaa hawakulishi?"

Wageni wakacheka kabla hata ya kutafsiriwa. Mimi nikafungua mdomo. Truda alinikata jicho, akaniwahi.

"Huyu Alojz anataka kuwaeleza habari za njiwa wake. Msimtafsirie, tutalala hapa."

Wakacheka tena, na mimi, mtu mzima hovyo, nikaujaza mdomo keki. Ilikuwa tamu. Nilichukia kwamba ilikuwa tamu. Kisha wakamwomba Truda aegemee dirishani na mto wake, wakatoka nje, wakampiga picha kwa zamu kama twiga wa bustani ya wanyama. Alitabasamu kwa kila mmoja wao. Waliondoka wameshiba, wakaelekea ng'ambo ya reli.

Alasiri ile Abílio alirudi, yeye na Malwina tu. Nilikuwa bado kwa Truda, namsaidia kurudisha viti vya watu. Mreno alivua kofia akasimama kando ya mlango, na maneno yake Malwina aliyatafsiri pole pole, moja moja.

"Anasema hivi. Mama, mimi nimekulia katika nyumba yenye harufu hii. Mama yangu aliifunika kwa picha kubwa ya Bikira Maria, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Anasema najua wewe si mchafu. Nionyeshe peke yangu. Kesho asubuhi tunachagua, na mimi nataka niwe na la kuwaambia wenzangu. Bila kuona siwezi kusema."

Truda alilitazama kabati, akapiga hatua moja kuliendea. Nikadhani amekubali. Nikaenda nikashika pembe ya kabati kwa mikono miwili.

"Alojz."

"Lazima aone, Truda. Ndiyo nafasi yenyewe hii. Hakuna nyingine."

"Ukilisogeza hilo kabati mbele ya mgeni, umenivua nguo."

"Ni ukuta! Ni ukuta tu, wewe mwanamke!"

"Umenivua nguo," alirudia, bila kupaza sauti. "Na usinisalimie tena mpaka kaburini."

Wa kwetu watanielewa. Mwanamume anaweza kulewa akalala uani, anaweza kutukana padri, lakini hafunui chungu cha mwanamke mbele ya watu. Mikono yangu, iliyoshika nyundo za mgodi miaka yote ile, iliachia pembe ya kabati yenyewe. Malwina alikuwa amegeukia dirisha anauma midomo. Truda akakata kipande kikubwa cha kołocz, akakifunga kwenye karatasi safi, akamkabidhi Abílio kwa mikono miwili.

"Cha njiani," alisema.

Mreno alikipokea. Alinitazama mimi, si yeye. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu, na sitaki tena.

Ng'ambo ya reli, tulikuja kusikia, watu walitoa magodoro yaliyolowa wakayaanika uani mbele ya wageni. Mama mmoja alimshika Mbelgiji mkono wa koti, akamwingiza chooni, akamwambia vuta pumzi, vuta tena. Mwingine aliwaonyesha panya aliyekufa kwenye sufuria. Truda aliposikia alisonya.

"Watu wasio na haya."

Wasio na haya leo wanaoga maji ya moto. Ndio waliochaguliwa. Abílio, alituambia Malwina, alibishana sana kwa ajili yetu, lakini wenzake walimwuliza, wewe umeona nini? Naye alikuwa ameona keki.

Lakini hawakutuacha mikono mitupu. Majira ya baridi yalipoanza walikuja vijana na ngazi wakatundika turubai kwenye ukuta wa mwisho wa nyumba, refu toka paa mpaka madirisha ya chini. Ilikuwa picha ya Truda, ameegemea mto wake, mapazia meupe nyuma, anatabasamu. Juu yake waliandika: HAPA JUMUIYA INAISHI. Na chini ya turubai, siku chache baadaye, mtu mwingine wa ofisi nyingine alipigilia kibao cha bati: jengo hatari, wakazi wahame. Nilisimama mbele ya vitu hivyo viwili nikatapika. Sisemi kwa mafumbo. Nilitapika kweli, kwenye theluji, mbele ya Hubert.

"Ni krupniok za jana," Hubert akasema, akinipigapiga mgongoni. "Zilikuwa na damu mbichi."

"Si soseji, mpumbavu wewe. Tazama!"

Truda alikuwa ametoka na shali yake. Akasimama kando yetu, akaitazama picha yake mwenyewe kubwa kama nyumba. Hata kile kibao alikiona, maana alikisoma huku midomo ikicheza.

"Mapazia yametoka vizuri," alisema, kisha akarudi ndani.

Nilimchukia siku ile. Nilimchukia Malwina na vikaratasi vyake, na Mbelgiji na roho yake ya jumuiya. Nilichukia watu wanaosafiri kwa ndege kuja kuwauliza maskini kama ni maskini, na maskini wanaojibu hapana, karibuni kahawa. Zaidi ya wote nilimchukia yule aliyeachia pembe ya kabati, na huyo nalala naye kitanda kimoja.

Tulihama theluji ilipoyeyuka. Malwina alikuja kuaga, macho mekundu. Truda akamfuta pua kwa leso yake mwenyewe kama mtoto. Vyombo vilitoka, kitanda kikatoka, mashine ya kufulia ikatoka, na kabati likabaki la mwisho. Wapakiaji walikuwa vijana wawili wa mjini wasiotujua. Walilivuta, na ukuta ukabaki uchi.

Kuvu ilikuwa imekua. Ilifika darini, ikakunja kona, na migongo ya mbao za kabati ilikuwa imeota manyoya yale yale, ikabandua na ngozi ya ukuta. Kijana mmoja aliweka mkono puani akarudi nyuma.

"Yesu na Maria! Watu walikuwa wanalala humu?"

Truda alikuwa nyuma yake, na mto chini ya kwapa. Alisikia. Hilo ndilo neno ambalo alifua, akasugua na kutia wanga maisha yake yote ili asilisikie, na sasa limesemwa na mtoto wa watu mwenye kofia ya kuelekea nyuma. Hakujibu. Alishika tu mto ule kwa nguvu zaidi.

Gari lilikuwa limejaa, dereva anapiga honi, na Truda haonekani. Nilirudi ndani kumtafuta huku nikilaani kila hatua. Nilimkuta amevaa aproni juu ya koti la safari. Alikuwa ameazima ndoo ya chokaa kwa Hubert, na brashi, naye anapaka ukuta. Alikohoa, akachovya, akapaka.

"Truda, gari linangoja."

"Lingoje."

"Umerukwa na akili? Nyumba inabomolewa! Wiki ijayo hapa ni kifusi!"

"Najua. Nimeona walivyobomoa kule mtaa wa nyuma, kwa akina Hanka." Hakugeuka. "Wanaanza na ukuta wa nje. Ukianguka, chumba kinabaki wazi upande mmoja, kinaning'inia, barabara nzima inatazama ndani. Kwa Hanka ilionekana mpaka karatasi ya ukutani ya chumba cha kulala."

Harufu ilikuwa kali hata machozi yalinitoka, au nasingizia harufu. Nilitema mate kwenye sakafu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitemea mate, naye akayaona, na kwa mara ya kwanza hakunigombeza.

"Huku juu sifiki," alisema, akaninyooshea brashi.

Nilivua koti. Nilipaka kutoka darini kuja chini, na kila nilipopita ule weusi ulipenya tena kwenye chokaa, polepole, kama kahawa kwenye kitambaa cha meza. Nje dereva alipiga honi tena.

"Pitisha tena," alisema Truda.

Nikapitisha tena.